Mheshimiwa Anauzwa

Waridi aliposikia Swalihu anauza gari lake, aliacha mashine ya kukamua alizeti ikinguruma na kutema makapi yake, mashudu, akaingia ndani, akacheka peke yake mpaka machozi. Yalikuwa machozi ya furaha, asije mtu akamsingizia mengine.

Gari lenyewe lilikuwa jeusi, refu, la viti vya ngozi, lililotoka kwa kigogo mmoja mstaafu. Watu wa Mkonze walilibatiza jina la Mheshimiwa. Swalihu alilinunua enzi bado ni mume wa Waridi na mafuta ya mkewe ndiyo yanayolisha nyumba. Siku ya kwenda Kondoa kwenye harusi ya wifi yake, Waridi alikwishaketi kiti cha mbele, amejifukiza udi, amejitanda mtandio mpya. Mume akamwambia mbele ya mashangazi, "Wewe, shuka. Unanuka mashudu, utaniharibia viti." Akapandishwa lori la vyombo. Alishuka ukweni amekumbatia sufuria, kama mpishi wa kukodiwa.

Mwaka haukuisha, ikaja talaka kwa ujumbe wa simu. Aliusoma mikono ikimchuruzika mafuta. Hakuulizwa neno wala hakungojwa ajibu.

Mwenye kovu usidhani amepoa. Kusamehe kuna wenyewe, na Waridi hakuwa mmoja wao. Alifanya kazi, akajenga, akanunua kirikuu, pikapu ndogo ya kubebea madumu. Sasa alikuwa ameweka akiba ya mashine ya pili, maana wakulima walishachoka kupanga foleni na walianza kupeleka alizeti yao kwa wengine. Msimu huu ukipita bila mashine hiyo, wasingerudi.

"Kwa hiyo fedha ya mashine ndiyo unataka kununulia gofu lile?" mdogo wake Shamila alimuuliza.

"Ndiyo."

"La kazi gani, dada?"

"Nilijaze mashudu mpaka kwenye usukani, nilipitishe mlangoni kwake kila asubuhi. Anuse."

"Hasira hasara, dada."

"Hasara yangu naijua. Nataka na yeye aijue yake."

Hata hivyo alikwenda kulikagua na Cornel, fundi wa gereji aliyemwamini. Cornel alijilaza chini ya gari, akakaa huko kitambo, akatoka anatikisa kichwa.

"Dada Waridi, hili likizimwa usiku, asubuhi unalikuta limelala kwa tumbo, shokapu zake za upepo zimekwisha. Giaboksi inateleza. Na linachemsha. Ukilinunua umeoa mgonjwa, utauguza wewe."

"Ni vitu vidogo vidogo," Swalihu aliingilia, akitabasamu kwa shida. Duka lake la vifaa vya ujenzi lilikuwa limefungwa, na kila aliyekuja kulitazama gari alipiga tairi teke akaondoka. "Kwako nitapunguza, Bi Waridi."

Bi Waridi! Alionja jina hilo kama asali. Miaka yote ya ndoa alikuwa "wewe".

"Nataka kuliendesha kwanza," akasema. "Ijumaa, mkitoka msikitini. Nitakungoja mlangoni."

Swalihu akakubali.

Ijumaa ile watu walikuwa wanavaa viatu pale Waridi alipokamata usukani, Swalihu ubavuni mwake katika kanzu iliyopigwa pasi ikanyooka. Mheshimiwa aliondoka kwa madaha. Walipofika kwenye mzunguko wa kipilefti, mbele kidogo tu ya msikiti, mvuke ukatoka, gari likazima katikati ya barabara. Honi zikaanza.

"Shuka usukume," Waridi akasema.

Swalihu akashuka. Waumini waliokuwa wanapita walisimama kutazama, na wawili wakakunja mikono ya kanzu wasaidie. Waridi akatoa kichwa dirishani. "Mwacheni, ni gari lake!" Kicheko kikazuka. Swalihu aliinama, akasukuma peke yake, kanzu ikimganda mgongoni. Palikuwa na nafasi ya kuegesha hapo hapo. Waridi akaipita. Usukani ulikuwa mzito, mikono ilimuuma, naye hakuwahi kufurahi hivyo tangu azaliwe. Alimsukumisha mpaka nafasi ya tatu.

Alipokuwa ameketi akimsikiliza anavyohema, ndipo mambo yalipomkaa sawa kichwani. Akilinunua, Swalihu atapata fedha, atanyoosha mgongo, atakwenda zake. Akimwambia hataki, atakata tamaa na kutafuta mnunuzi mwingine, atakwenda zake vile vile. Na Waridi hakutaka aende. Jumatatu angeagiza mashine yake. Hilo lilikwisha moyoni, wala halikuwa na haja ya kutangazwa.

Akafungua mlango, akatoka polepole, akajitengeneza mtandio. Watu bado walikuwepo.

"Enhe, Bi Waridi?" Swalihu aliuliza. "Unalichukua?"

"Sijaamua," akasema, kwa sauti ya kusikika ng'ambo ya barabara. "Ijumaa ijayo niletee tena, nipate kulijaribu."

Alimtazama usoni, akingoja matusi. Aliyatamani, maana alikuwa na majibu yake yote tayari. Swalihu alijifuta jasho kwa mkono wa kanzu, akaangalia chini.

"Saa ngapi?" akauliza.