Aliyembatiza mwanangu alivuliwa kitambaa

Wakuu, heshima kwenu. Wa rika langu habari za siku, wadogo marahaba.

Juzi kuna mtu kaandika humu kwamba kanisani wanawake kazi yao ni kuimba na kupika pilau la harusi. Nimeisoma mara tatu, chai ikanipoa mkononi.

Kwa hiyo leo naandika. Dhehebu silitaji. Mengine yote ni kweli, nilikuwepo, na mtoto mwenyewe yupo, sasa hivi ana mvi.

Ilikuwa enzi za Ujamaa, miaka ile ya foleni za sukari na sabuni. Nilikuwa na miaka ishirini na moja, nimemaliza Form Four, nimeolewa, tunakaa chumba kimoja Temeke. Mtoto wangu wa kwanza, Dani, ana wiki saba.

Kanisa letu lilikuwa banda la mabati upande wa Kiwalani. Mchungaji ana makanisa manne, kwetu anafika Jumapili moja kwa mwezi. Siku nyingine zote kanisa liko mikononi mwa wazee wa kanisa, wanaume watano.

Hiyo ni kwenye karatasi. Kazi zilifanywa na kina mama wa zamu.

Kila wiki kina mama wawili walifunga kitambaa cheupe kichwani. Ukimwona mwenye kitambaa, ujue ndiye atakayekwenda kwa wagonjwa na kwa waliojifungua, ndiye atakayeosha maiti za kina mama, ndiye atakayefua vitambaa vya meza ya Bwana. Kiongozi wao aliitwa Mama Tabu, mjane wa kutoka Masasi, muuza vitumbua. Yeye kitambaa alikuwa hakivui hata wiki isiyo yake.

Sasa Jumapili moja mchana Dani akaanza kuharisha. Mume wangu yuko kiwandani, shifti. Kufika saa tisa mtoto macho yamerudi ndani, halii tena. Mwenye mtoto ataelewa: kulia kulikuwa na nafuu.

Jirani alikuwa na gari. Lakini enzi hizo kulikuwa na shida ya mafuta, Jumapili mchana magari binafsi hayaruhusiwi barabarani bila kibali. Balozi wa nyumba kumi akatoka mbio kutafuta kibali. Mama Tabu akaja, kamwona mtoto, kaniangalia mie.

"Kabatizwa huyu?"

"Bado, mama. Tunamsubiri mchungaji."

"Lete maji."

Kulikuwa na maji ya birika niliyomchemshia mtoto, yamepoa. Akamimina kwenye bakuli, akamwita mke wa jirani asogee awe shahidi, akambatiza Dani kwa jina la Baba na la Mwana na la Roho Mtakatifu. Sauti yake haikutetemeka. Mke wa jirani akaitikia amina.

Kibali kikapatikana. Hospitali wakamtundikia dripu. Dani akapona.

Nikadhani yameisha.

Wiki ile ile Mama Tabu akaitwa kwenye kikao cha wazee. Sie wanawake tukakaa nje chini ya dirisha, kila neno tunalisikia.

"Nani alikupa ruhusa?" Huyo ni Mzee Lameki, mwenyekiti.

"Mtoto alikuwa anakata roho, mzee. Ningeandika barua nimpe nani?"

Tukacheka nje. Mle ndani hakucheka mtu.

"Mwanamke habatizi," akasema Mzee Lameki. "Leo umebatiza, kesho utataka kugawa meza ya Bwana."

"Vitambaa vya hiyo meza nafua mie, mzee. Siku zote hizo sijawahi kuigawa."

Uamuzi ukatoka: Mama Tabu avuliwe kitambaa. Na ubatizo wa mwanangu hautambuliki, atabatizwa upya mchungaji akifika. Mama Tabu akakivua mwenyewe, akakikunja mara nne, akakiweka mezani.

Zilibaki wiki tatu mchungaji afike. Wakuu, zile wiki tatu nilikonda kuliko mtoto.

Nikikubali, maana yake alichofanya yule mama siku ile ni kumlowesha mwanangu kichwa basi. Nikikataa, natengwa na mie. Na Dani alikuwa bado ana kikohozi. Kila akikohoa nawaza: akifa leo, kwa wazee hawa mtoto hajabatizwa, nani atakuja kumzika?

Mume wangu akasema, "Mama Dani, kubali yaishe." Mama mkwe akasema elimu yangu ya sekondari itavunja nyumba.

Nikaenda kwa Mama Tabu. Nikamkuta anageuza vitumbua, kichwa wazi. Sikuwahi kukiona kichwa chake wazi.

"Mpeleke, mwanangu," akaniambia. "Mie nimezoea."

Hilo neno nimezoea ndilo lililoniudhi kuliko kikao kizima.

Siku ikafika. Tukapangwa mbele wazazi watano na watoto wetu. Mzee Lameki ndiye ameshika daftari la ubatizo.

Hapa ndipo wazee walipoteleza. Ibada yetu ya ubatizo inaanza na swali. Mchungaji anamuuliza kila mzazi: mtoto huyu ameshabatizwa, au bado? Sie tulikuwaga tunajibu "bado" kwa mazoea, kama mtu anavyoitikia hodi. Wale wazee walikaa kikao kizima wakasahau kwamba nitaulizwa, tena mbele ya kanisa zima.

Wa kwanza: bado. Wa pili: bado. Wa tatu na wa nne: bado.

Namwona mama mkwe ananikodolea.

"Ameshabatizwa," nikasema.

Mchungaji akafunga kitabu kidole kikiwa ndani. Hakugomba. Akauliza, "Kwa kitu gani?"

"Maji."

"Kwa maneno gani?"

Nikayasema yote.

"Nani alikuwepo?"

Nikamtaja mke wa jirani.

"Nani alimbatiza?"

"Mama Tabu."

"Jina lake."

Wakuu, sikulijua. Mwanamke kamshika mwanangu akiwa kati ya uhai na kifo, na mie simjui jina. Nikageuka kuwatazama wanawake, nao wanatazamana. Hakuna aliyelijua.

Akasimama mwenyewe benchi la mwisho, karibu na mlango.

"Felista Namkumba," akasema.

Mchungaji akasema, "Basi huyu simbatizi. Ubatizo ni mmoja. Nampokea tu." Akampokea.

Msidhani wazee waliomba radhi. Kitambaa hawakukirudisha. Ila Jumatatu kina mama wawili wa zamu walimpitia Mama Felista nyumbani na kitambaa cha tatu, kimekatwa kwenye shuka la mmoja wao, wakamfunga wakaondoka naye kwa wagonjwa. Hakuna mzee aliyethubutu kuuliza.

Cheti cha Dani alikiandika Mzee Lameki. Jina la baba lipo. Jina la mchungaji aliyempokea lipo. Mahali pa aliyebatiza kaandika neno moja: dharura.

Nilikifikisha nyumbani, nikachukua kalamu, nikalikata hilo neno, nikaandika juu yake Felista Namkumba. Miaka baadaye Dani anataka kufunga ndoa, karani wa kanisa akauliza nani kachezea cheti. Nikamwambia mie, na kama kuna kingine alichokosea yule mzee akilete nikirekebishe.

Nilichojifunza: kazi ya mwanamke kanisani inapokelewa haraka sana, jina lake ndilo linalosubirishwa. Hata sie wanawake wenzake tulimsubirisha.

Wewe uliyeandika habari za pilau, mama anayeosha maiti za kanisa lenu anaitwa nani? Si mama fulani. Jina lake. Kama hulijui, kamuulize kwanza ndipo uje ubishane nami hapa.