Shikamoo Niliyonyimwa Kibingo

Kijana anayetaka kumuoa binti yangu alininyima shikamoo mbele ya kigango kizima. Muda mfupi baadaye, mnyororo wa msumeno ulikuwa umesimama jirani na shavu langu.

Sikusoma sana. Niliacha shule nikaingia kwenye migomba na kahawa. Kwa hiyo naandika kama ninavyoongea.

Naitwa Kashaija, wa hapa Kibingo, Kyerwa. Binti yangu Joanitha alituletea mchumba, Hirwa, fundi wa chenso, ile misumeno ya injini ya kupasulia mbao. Kwao ni Igurwa, upande wa Karagwe. Ni watu wenye asili ya Rwanda, na hilo halikunisumbua hata kidogo.

Aliyenisumbua ni baba yake, mzee Xaveri.

Siku waliyokuja kujitambulisha alinipa mkono wa kushoto. Wa kulia kauchimbia mfukoni mwa koti. Nyumbani kwangu, na rubisi yangu, pombe yetu ya ndizi, anakunywa.

Nilimeza, ila usingizi ukakatika. Mke wangu Anatolia akasema labda mzee anaumwa mkono. Nikamwambia anaumwa dharau.

Haikupita muda, Hirwa akaja kupasua mbao za paa la kanisa la kigango chetu. Watu walijaa, kina mama wanamenya ndizi. Nikajipeleka. Nilitaka wote waone mkwe wangu mtarajiwa akinipa heshima yangu.

Nikasimama mbele yake. Akaniona, macho yetu yakakutana kabisa.

Akarudisha uso kwenye gogo. Chenso inanguruma.

Jamani, kwetu mkwe akikuona anaacha jembe hapo hapo, anachuchumaa, anakusalimia mpaka wewe mwenyewe uchoke.

Nikasubiri. Nikahama mguu huu, nikahamia ule. Hakuna kitu.

Adelgunda, jirani yangu ambaye mdomo wake hauna likizo, akainua kichwa kwenye ndizi zake. "Kashaija, huyo anaoa binti yako au anaoa mbao?"

Wakacheka. Moyoni nikaifuta ile ndoa palepale. Nikazunguka nyuma yake, nikamkamata bega ili nimgeuze nimwambie.

Akashtuka. Ncha ya chenso ikagusa gogo la pembeni, na mashine ikaruka juu, ikarudi kwetu, usawa wa uso wangu.

Nikafumba macho.

Nilipoyafumbua injini ilikuwa bado inaunguruma, lakini mnyororo umesimama. Oili yake inanidondokea kwenye kola.

Hirwa hakuwa ameachia hata kidole. Mikono yote miwili imeng'ang'ania, na mkono wa kushoto ulikuwa umeisukuma breki. Angekuwa ameshika kwa mkono mmoja, leo mngekuwa mnasimuliwa na mjane wangu.

Akazima. Akaiweka chini. Akavua kofia ngumu na vifuniko vya masikio, akavua glovu, akachuchumaa kwenye unga wa mbao.

"Shikamoo, baba."

Nikajipapasa shavu kwanza, kama bado lipo.

"Nilikuona," akasema. "Ila baba yangu aliwahi kuitikia shikamoo akiwa na mashine mkononi."

Akanieleza kwa sauti ya chini, watu wasisikie. Mzee Xaveri alikuwa fundi wa mageti, anakata chuma kwa grenda. Kile kikinga cha kufunika jiwe linalozunguka na kukata alikuwa amekitoa, kinamchelewesha. Watoto wakapita wanatoka shule, wakamwamkia. Akainua mkono wa kulia kuwaitikia. Grenda ikamruka kutoka mkono wa kushoto, akarudisha wa kulia kuidaka.

Vidole vitatu vikabaki pale chini.

"Sasa mbona hamkusema?" nikamuuliza.

"Aliona aibu, baba. Siku ya kuomba mke unaanzaje kuonyesha mkono wa namna ile?"

Nilirudi nyumbani, nikakaa, nikasimama, nikakaa tena. Anatolia akaniangalia tu. Hakunikumbusha alichosema, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi.

Kesho yake nilipanda pikipiki mpaka Igurwa.

Ndugu yangu unayesoma, mtu akiwa na mashine inayozunguka, usimwamkie, usimguse, usimwite kwa nyuma. Simama mbali, mahali anapokuona, usubiri azime. Na wewe mwenye mashine, acha kikinga mahali pake, shika kwa mikono yote miwili, nyamaza. Atakayenuna anune. Kununa kunaisha.

Mzee Xaveri nilimkuta mlangoni. Akaficha wa kulia haraka, akaninyooshea wa kushoto kwa wasiwasi.

Nami nikampa wa kushoto.

Akaniangalia sana. Kisha taratibu akautoa ule mwingine mfukoni, nikaupokea kwa mikono yangu yote miwili.