Shimo la Divai la Baba Mkwe

Hapa kwetu, ukitoka sokoni Ikungi ukaingia ndani ndani huku, watu wote wanalima alizeti na uwele. Sisi tuna zabibu. Wageni wanashangaa, wanasema zabibu si ni za Dodoma? Nawaambia njooni muone wenyewe. Tena hazijawahi kuonja dawa ya dukani. Mbolea ni ya mbuzi, wadudu tunawanyunyizia maji ya mwarobaini, na nikiona jani lina ukungu nalichuma kwa mkono huku nalitukana. Mume wangu, mzee wangu, anasema matusi yangu ndiyo dawa yenyewe.

Miche aliileta baba mkwe wangu, marehemu. Alikuwa anampikia padri mmoja wa Kizungu, na huyo padri kwao ni kisiwani, kisiwa cha bahari ya mbali huko, ambako kila nyumba ina mizabibu yake na chini ya nyumba kuna shimo la divai. Baba mkwe akakata vijiti vyake, akaja kuvipanda, na shimo akachimba. Unashuka ngazi za udongo mpaka kichwa kinapotea, ndani kuna chumba cha baridi, mapipa yamejipanga ukutani. Juu kuna mlango wa mbao, wa kulaza.

Nilipoolewa niliogopa lile shimo kuliko nilivyomwogopa mama mkwe, na huyo mama alikuwa anatisha. Divai ikianza kuchemka, maana inachemka yenyewe bila moto, unasikia huko chini pwo, pwo, pwo, kama kuna mtu anapika uji gizani. Baba mkwe hakushuka mle bila kibatari, na hakukiinua juu kama watu wengine. Alikishika chini, usawa wa goti, anashuka polepole macho yote kwenye moto. Kikizimika, anapanda, anaacha mlango wazi, anaenda zake kukaa. Ukimtazama anasema tu, "Leo halitaki." Basi sisi wanawake tukajua mle ndani kuna mwenyewe, anapuliza taa asipotaka mtu. Na nani angemhoji baba mkwe?

Akafariki. Mzee wangu akarithi mizabibu na shimo. Mafuta ya taa nayo yakawa ya kutafuta, na kijana wetu anayekaa Singida mjini akamletea baba yake tochi ya kuvaa kichwani, unaichaji na sola. Aliipenda hiyo tochi, mwenzenu! Aliivaa hata wakati wa kula. Kibatari kikapanda darini, basi. Kwetu sisi kilikuwa taa, na taa nzuri zaidi imekuja. Miaka ikapita salama, maana tulikuwa tunatengeneza kidogo, pipa la kanisani na la sikukuu.

Sasa mwaka jana zabibu zilizaa mpaka matawi yakalala chini. Tukakanyaga, tukajaza mapipa yote. Ilikuwa ule wakati wa baridi, upepo unavuma na mavumbi yake, kwa hiyo shimo tukalifunga vizuri, mlango na magunia juu yake. Pombe ya uwele tunaifunika hivyo hivyo, kama mtoto, ili iumuke. Tuliona divai nayo itafurahi.

Asubuhi moja, baada ya chai, mzee akafunua mlango, akavaa tochi, akashuka kukoroga. Maganda yanapanda juu ya pipa, lazima uyazamishe na mti, usipofanya hivyo inageuka siki. Mimi nimekaa hapo hapo juu napepeta uwele. Mke wa kijana wetu, aliyekuja kutusaidia kuvuna, ana maharage jikoni. Mzee ananisimulia kutoka chini, pipa la kona limechemka vizuri, hili lingine bado. Namjibu. Halafu maneno yakaanza kuburuta miguu. Akasema kichwa kizito.

Nikamwambia, "Umeshaonja wewe. Jua halijapanda na umeshaonja."

Akacheka. Kicheko kirefu, kilaini, si chake. Nikasikia mti umeanguka, na kitu kingine kizito kikafuata.

Nikaita. Pwo, pwo, pwo. Nikaita tena. Nikachungulia, na mpaka leo ninachokiona nikifumba macho ni ile tochi. Ilikuwa inawaka vizuri kabisa, imemulika ukuta, haitikisiki.

Nikashuka. Ngazi za mwanzo tu pua ikaniwasha, kifua kikabana, dunia ikazunguka. Mkwe wangu akanidaka khanga, khanga ikambakia mkononi, akanikumbatia kiuno akanivuta juu kama gunia. Nikampiga. Nilimpiga kweli, mtoto wa watu. Akasema, "Mama, ukishuka nitazika wawili," akanishika hivyo hivyo huku anapiga kelele kumwita jirani.

Jirani yetu ni Mgogo, mchimba visima, mtani wetu mkubwa. Kila akija hapa anampima mzee wangu na kijiti, anasema anataka kujua kaburi litakuwa refu kiasi gani. Nikajua atakuja na maneno yake. Alikuja mbio, akatazama chini, hakusema kitu. Mtani akikosa utani, wewe jua.

Akawasha nyasi kavu akazitupa shimoni. Zilizimika kabla ya kufika chini, kama zimetumbukia majini. Akasema, "Hewa imekufa humo." Akatuambia tukate matawi yenye majani mengi, akayafunga rundo kwenye kamba ya ng'ombe, akatuonyesha: mnashusha, mnapandisha, mnashusha, mnapandisha, kama kutwanga. Ndivyo wanavyofanya kwenye visima, kufukuza ile hewa.

Nimetwanga maisha yangu yote, ila upepo sijawahi kuutwanga. Mimi na mkwe wangu, mikono inachubuka na kamba, na mzee wangu amelala kule chini hatumwoni, tunaona mwanga wa tochi tu. Na moyo wa mtu ni wa ajabu. Nilikuwa nawaza maharage yanaungua. Nikawaza wafiwa watakula nini. Nikajichukia, nikaendelea kutwanga.

Jirani akatupa nyasi tena. Zikafika katikati, zikafa. Akasema bado. Nikamwambia anamuua kwa kungoja.

"Shemeji, nikianguka na mimi, nani atatutoa? Wewe?"

Tukatwanga. Sijui ilikuwa muda gani, na msiniulize. Nyasi za mara ya tatu zikafika chini, zinawaka kidogo kidogo kama zinabembelezwa. Akajifunga kamba kiunoni, akavuta pumzi, akaibana, akashuka. Kamba ikawa inatembea mikononi mwetu, ikasimama. Nilidhani imesimama moja kwa moja. Halafu akaitingisha, tukavuta, akatokea amemkumbatia mzee wangu kwa nyuma, visigino vya mzee vinaburuta.

Alikuwa rangi ya majivu. Tukamlaza kwenye upepo, mtani akamkandamiza kifua, mimi namwita majina ambayo sijamwita tangu tulipokuwa vijana. Akakohoa. Akatapika. Akafungua macho, akasema, "Mmefunika mapipa?"

Mkwe wangu akaangua kilio. Mtani wetu akakaa chini, akashindwa hata kufungua fundo la kamba kiunoni mwake.

Tukampakia kwenye bodaboda, mkwe nyuma amemshika, mimi nikafuata na nyingine, mpaka zahanati. Mganga akatueleza kwamba divai ikichemka inatoa hewa nzito, haina moshi, inatulia chini kama maji, na moto haukai ndani yake wala mtu. Ndipo tukaelewa baba mkwe alikuwa anauliza nini kwa kibatari chake. Mzee wangu alilia aliposikia, akasema baba hakuniambia. Nikamwambia labda na yeye padri hakumwambia, alimwonyesha tu.

Divai ya mwaka jana ilikuwa siki yote. Hatukuisikitikia. Shimo tumelitoboa ubavuni, upande wa mteremko, hewa inatoka yenyewe, na mapipa yanayochemka tunayaweka juu, kwenye kibanda.

Ila mimi sijapona. Mzee wangu yuko shambani anapogolea, mizabibu imemficha, namwita. Anaitika. Nikihesabu mbuzi, namwita. Amechoka na mimi, majirani wanatucheka, anajibu, "Nipo, mwanamke, nipo." Juzi nikaita, kimya. Nikaita tena, kimya. Ungo ukaniponyoka, nikakimbia na umri huu, nikapasua khanga kwenye waya wa mizabibu, nikamkuta amechuchumaa chini ya majani, mashavu yamevimba zabibu, anatafuna, ananionyesha kidole ningoje kwanza ameze.

Nilimpiga na kile kipande cha khanga. Halafu nikakaa chini pale pale udongoni, nikamwambia siku nyingine ateme, aitike kwanza.