Dubwana wa Magugu Maji

Ukumbi wa video wa mtaa wa Manyatta ulinuka mafuta ya taa, jasho na mabati yaliyochomwa na jua la saa nane. Madirisha yalizibwa kwa magunia ili kuwe na giza mchana. Humo ndimo mimi na binamu yangu Adhiambo, sote tukiwa na miaka kumi na mmoja, tulipomwona dubwana akitoka majini, mrefu kuliko maghorofa, majani yakimning'inia mabegani, akiponda magari kama makopo. Adhiambo alinishika mkono mpaka kucha zake zikaacha alama. Muhula huo alikuwa ametoka mashambani Katito kuja kusoma darasani kwangu, akiishi kwetu mtaani Kaloleni, na katika mtihani wa kwanza akawa namba moja. Namba hiyo ilikuwa yangu tangu darasa la kwanza.

Jumamosi iliyofuata mfereji wa maji wa nyumbani ulikauka, tukatumwa kufua ziwani. Miaka hiyo ya tisini magugu maji yalikuwa yameanza kulifunika ziwa. Upepo ukivuma, kipande kizima, kikubwa kama uwanja wa mpira, kilisogea chenyewe. "Ule ni mgongo wake," nilimwambia Adhiambo. "Na ukimtaja kwa mtu mzima, anakuja mpaka nyumbani." Aliacha beseni akakimbia, wala hakukanyaga ufuo tena. Mama alimfokea: "Kwani umekuja hapa kuwa madam? Nani akufulie?" Adhiambo aliutazama mlango, kisha akanitazama mimi. Mama akanigeukia. "Wewe unalala naye kitanda kimoja. Ana nini huyu?" Nikajibu, "Anasema yeye si mfanyakazi wetu." Muhula ulipoisha alirudishwa Katito, na huko masomo yake yakaishia darasa la saba. Mimi nikarudi namba moja.

Desemba iliyopita nilimtembelea huko Katito. Anashona sare za shule sokoni. Mwanangu alikuwa ameipata filamu ile, nikamwonyesha Adhiambo kwenye simu. Maghorofa yalikuwa makatoni, na kamba iliyovuta mkia ilionekana wazi. Adhiambo alicheka mpaka akafuta machozi. "Ngoja, simamisha! Hiyo si zipu mgongoni? Na fundi ameishona vibaya, Mungu wangu!" Kisha akasema, "Utoto nao! Tulikuwa hatuoni hata zipu."

Ningeweza kucheka naye, yakaisha. "Mimi niliiona," nikasema. "Siku ileile, palepale ukumbini."

Kicheko kilimwisha polepole. "Kwa hiyo kule ziwani ulikuwa unajua."

Nikamweleza yote, pamoja na yale niliyomwambia Mama. Alikunja kitambaa kilichokuwa mapajani, akakikunjua, akakikunja tena.

"Mama yako alipokufa sikuja kumzika," alisema. "Unajua ni kwa nini?"

Nilijua: miaka yote aliamini Mama ndiye aliyemfukuza bila kosa. Siku ya mazishi nilikuwa mtu mzima, mwenye kazi na watoto, na sikuwa nagombea namba na yeyote. Watu walipouliza Adhiambo yuko wapi, niliwaambia ana kiburi.