Mama Nyiramana Alikataa Amina

"Mama Nyiramana amekwisha kula shamba ya kanisa," Jeannette alisema pale kwenye bomba, akiinamisha bidoni yake. "Watu wote walisema amina, yeye akafunga mkutano, eti turudi Jumapili. Muntu asiye na mambo yake anakataa amina ya watu sababu gani?"

Mapendo alimsogeza mwanawe Plamedi mgongoni, akakaza kikwembe, akakinga maji yake. Jeannette ni jirani, na neno unalompa jirani leo, kesho utalikuta kwa mama mkwe limeota pembe. Isitoshe, amina ile hata yeye aliisema.

Jambo lenyewe lilikuwa hivi. Shirika lao la Karuba, zile familia chache zinazosali pamoja katika kapela ya mbao, lina shamba la maharagi mgongoni mwa kilima. Mavuno ni ya wajane na wagonjwa; mama mkwe wa Mapendo, mjane wa magoti mabovu, anakula humo. Sasa wakimbizi kutoka upande wa Ntoto, kule Walikale, wameomba kulilima msimu mmoja. Na Mapendo ni binti wa Ntoto. Ndoa ndiyo ilimtoa msituni ikampandisha kwenye baridi hii.

Mama Nyiramana, kiongozi wa shirika, ni mkulima wa viazi, mrefu, mzito wa kucheka. Amezika mume na watoto wawili, na bado ukiugua, mlango wa kwanza kugongwa asubuhi ni wako, na anayegonga ni yeye. Jambo gumu likija, hapigishi kura. Wanasoma Injili, wananyamaza mpaka hata wenye kukohoa wamechoka, halafu kila mmoja anasema alichosikia moyoni. Anaanza yule aliyeingia shirikani mwisho, ili asifuate maneno ya wakubwa.

Wa mwisho kuingia alikuwa Mapendo. Zamu yake ya kuanza ilipofika, akainama kumnyonyesha Plamedi. Papa Athanase, katekista, akamwonea huruma. "Mama wa watu iko ananyonyesha, tumuache. Mimi nimesikia shamba ibakie ya wajane." Waliofuata wote wakasikia hilo hilo. Amina ikazunguka kapela, ikamfikia Mapendo, akaipitisha.

Mama Nyiramana akafunga Injili. "Leo Mungu alikuwa na sauti ya Papa Athanase tu? Turudi Jumapili." Watu wakacheka. Papa Athanase hakucheka.

Basi Mapendo, akipanda kutoka bombani na maji yake, alimkuta Mama Nyiramana mwenyewe kando ya njia, akipalilia viazi.

"Kule kwa bomba wanasema nini, binti?"

Mapendo akatazama chini. "Wanasema umekula shamba, Mama."

"Nilikula na chumvi ao bila chumvi?"

Mapendo akataka kucheka, kicheko kikageuka kilio, akatua bidoni.

"Mama, mimi sielewi. Nikifumba macho naona mama mkwe na sahani yake tupu. Nikifumba tena, naona mama yangu mudogo, iko kati ya wale wakimbizi, watoto wake wanalala chini kwenye darasa. Hiyo ni Mungu anasema, ao ni damu yangu? Nikisema wapewe, watasema ninavutia kwetu. Nikisema wanyimwe, mama mudogo nitamuangalia na macho gani?"

Mama Nyiramana aliegemea jembe. Alitazama lile shamba la maharagi ng'ambo.

"Hata mimi sijui, mwanangu. Wale wajane ni wangu. Wale wa Ntoto, sijui ni wa nani kama siyo wetu. Nilifunga mkutano sababu mbele ya kusema amina watu walikuwa na mambo mengi kwenye uso, na hakuna aliyeyasema."

"Mimi pia sikusema."

"Njo maana ninakuomba. Jumapili uanze wewe. Papa Athanase akikuhurumia, umushukuru, lakini usinyamaze. Yote mawili uliyoniambia, uyaseme, mama mkwe akisikia."

"Na kama mpaka Jumapili bado sijui?"

"Basi utuambie haujui. Ninakuomba uanze na hilo."