Mwisho wa Wimbo wa Kinanda

Nichekeni tu, hata mimi nimejicheka. Jumamosi iliyopita, kwenye ukumbi wa kanisa letu hapa Machakos, wanafunzi wangu wa fidla walipiga wimbo niliokua nao kule Katangi. Ulirekodiwa kwa kinanda cha umeme na ngoma za mashine, nami nikauandika kwa noti upigwe na nyuzi. Kaseti yetu ilipotea zamani, lakini ya nini? Wimbo wote nilikuwa nao kichwani.

Kilichonitesa ni mwisho. Nilikumbuka kinanda kikipunguza mwendo, sauti ikizama taratibu kama mtu anayeaga, halafu kimya. Niliwasumbua watoto wa watu na fidla zao. "Polepole! Tieni huzuni!" Na kabla hawajapiga nikasimama kuwaeleza watu kwamba hapo mwisho ndipo penye ufundi wa mtunzi.

Mtunzi mwenyewe, Mzee Muthiani, nilikuwa nimemwalika. Walipomaliza alikuja akanishika mkono, macho yamelowa.

"Mwalimu, umenikumbusha mbali. Lakini huo mwisho si wangu. Wangu unaisha kwa mbio na shangwe."

Kabla sijajitetea, mama yangu akaangua kicheko kwenye benchi la mbele.

"Wee! Hizo zilikuwa betri za redio ya kaseti zikiisha! Nilikuwa nazianika juani kila asubuhi, na bado huo wimbo haukuwahi kufika mwisho kwetu."