Vidonge Kumi na Kimoja vya Fundi Rula

Fundi Rula alipewa jina hilo kwa sababu mbao zake zilinyooka kuliko maneno ya watu. Kwa miaka arobaini alitengeneza milango, makabati na madawati, na mteja aliyethubutu kusema mlango umepinda aliambiwa akaangalie ukuta wake kwanza. Pombe hakuwahi kuionja. Ndiyo maana ilimchoma, akiwa na miaka sabini na minne, kusikia majirani wakinong'ona kwamba mzee siku hizi anapiga mtungi.

Chanzo kilikuwa miguu. Alikuwa na presha, sukari na magoti mabovu, na kila ugonjwa ulikuwa na chumba chake hospitalini na daktari wake. Daktari wa presha alimbadilishia dawa. Wiki chache baadaye miguu ikavimba ndi. Chumba cha pili kikampa kidonge cha kukojosha. Kikamkojosha kweli, hata akawa hawahi chooni. Chumba cha tatu kikampa cha kubana mkojo, na hicho ndicho kilichomkausha mdomo na kumtia ukungu kichwani, akawa anayumba njiani kama mlevi. Anashika msumeno, anasahau alitaka kukata nini. Ndani ya mwaka huo akaanguka mara mbili. Ya pili akapasuka juu ya jicho.

Daktari aliyemshona hakumtazama usoni. Alimgeukia mkewe. "Mama, huu ni uzee. Mzoee tu."

"Nimemzoea miaka arobaini na sita," mke alijibu. "Huyu uliyemlaza hapa simjui."

Daktari akaongeza kidonge cha kizunguzungu. Vikawa kumi na kimoja.

Wiki hiyo mtoto wao mkubwa akaja, akamwonea baba huruma, akazigawa randa, patasi na misumeno kwa mafundi wa mtaani ili mzee asijikate. Fundi Rula alikaa akitazama misumari mitupu ukutani. Mkewe ndiye aliyewaka. Kwake hapo maji yalikuwa yamezidi unga. Alikusanya kila pakiti na kila chupa, akatia kapuni, akamshika mumewe mkono. Hawakupanga foleni ya daktari yeyote. Walikwenda moja kwa moja dirisha la dawa.

Mfamasia, binti mwenye miwani, aliwaingiza ndani na kuvipanga vyote mezani.

"Babu, hiki walikupa cha nini?"

"Cha miguu."

"Na miguu ilianza lini kuvimba?"

Fundi alifikiri. Ulikuwa umepita muda mrefu tangu mtu amuulize yeye. "Baada ya hicho chekundu cha presha."

Binti aliendelea hivyo, kimoja baada ya kingine, kisha akavua miwani. "Cha presha ndicho kilichovimbisha miguu. Cha kukojosha kikaja kutibu madhara yake, na cha kubana kikaja kutibu madhara ya hicho. Na hivi viwili vingine ni dawa ileile, majina tu tofauti."

"Na hakuna aliyeona?"

"Kila mmoja aliona karatasi yake, babu."

Alimwonya asiache hata kimoja kwa kukisia, akaandika orodha, akaenda nao kwa daktari mkuu. Huko alifokewa: nani amemtuma kukosoa madaktari? Binti aliweka orodha mezani, akabaki amesimama. Daktari mkuu akaisoma, akairudia. Akabadilisha dawa ya presha, na vingine akavipunguza taratibu kwa miezi miwili. Vikabaki vitano.

Ukungu ukaondoka, miguu ikaingia tena kwenye viatu. Patasi tatu zilirudishwa. Randa aliyoachiwa na marehemu baba yake ilikwisha kuuzwa, haijulikani kwa nani.

Kliniki iliyofuata, daktari mkuu alimpongeza kwa kupona.

"Sikupona," alisema Fundi Rula. "Hayo hayakuwa maradhi yangu. Mlininyang'anya mwaka mzima, mkauita uzee. Andika hilo kwenye faili."

Daktari alicheka kidogo, kisha akaona mzee hacheki. Akachukua kalamu. "Niandikeje?"

"Kama nilivyosema."

Mkewe akasogeza kiti karibu na meza, apate kuyaona maandishi.